Mshikio Usiopigwa Nyundo

Mkakasi ni kikopo cha mti ambacho watu wa zamani walitilia manukato. Nje hupakwa rangi nyekundu na nyeusi, kikatiwa nakshi, mpaka anayekishika hukishika kwa vidole viwili kama aliyeshika yai. Siku kikianguka kikapasuka ndipo mtu anapoona alichokuwa akikitunza: mti tu, ndugu wa kuni. Kwa hiyo wahenga wakasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwanamke wa hadithi hii aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu. Aliwahi hata kuchapwa kwa kuisahau. Lakini siku aliyoihitaji ilimtoka kichwani kwa muda wa kumeza funda moja la mate, na muda huo ukatosha.

Alifanya kazi katika karakana ya mishikio ya mabirika, ile sehemu ya plastiki ambayo mkono wa mtu huishika maji yanapochemka. Ilikuwa karakana ya mabati yenye mashine moja ya kusaga, mashine moja ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu, chuma chenye umbo la mshikio, na sakafu iliyojaa punje zilizoteleza chini ya viatu kama maharage makavu. Nailoni ilipoyeyuka, mahali pote palinuka nywele zilizoungua. Majirani walilalamika, kisha wakazoea, kama watu wanavyomzoea mkwe mkorofi.

Humo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Nyundo kwa ajili ya kazi yake, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuvunja.

Plastiki nazo zina tabia kama watu. Mwenye karakana, mzee waliyemwita Fundi Mkuu, ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi, alizoea kuwaeleza hivi: "Nailoni ni bwana mkubwa. Haogopi moto, ila ana kiburi na hapatikani ovyo. Plastiki ya mabeseni ni mtoto wa watu, mpole, haombi kitu, lakini moto ukizidi analegea. Ukiwafungia chumba kimoja bila mshenga, kila mmoja atageukia ukuta wake. Kutwa utawaona mke na mume. Siku ya shida ndipo utajua walikuwa wapangaji."

Mshenga ndilo jina walilozipa punje fulani nyeupe zilizokuja kwa gunia. Kopo moja lilitosha ndoo nzima. Punje hizo zikiyeyuka zilimshika huyu mkono na yule mkono, nailoni na beseni vikakaa pamoja kama nyama na ngozi. Bila mshenga, Fundi Mkuu hakuruhusu ndoa.

Na sheria ya pili ilikuwa ya nyundo. Kila asubuhi mshikio wa kwanza kutoka kwenye kalibu ulichemshwa ndani ya sufuria kwa muda wa kufagia karakana yote, kisha Mama Nyundo akaulaza juu ya chuma na kuupiga mara tatu. Ukivunjika kwa pigo la kwanza, hakuna kazi siku hiyo. Ukistahimili mpaka la tatu, ukapasuka kwa shida kama mfupa, kazi iendelee. Kipande kilichovunjika kiliandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kikatundikwa kwenye msumari wa mlangoni. Cha jana kilitupwa ndani ya mkebe chini ya meza. Kwa miaka kumi na mmoja msumari ule haukukaa mtupu. Kwa nyundo hiyo Mama Nyundo alimlea binti yake wa pekee baada ya kufiwa na mumewe, akamsomesha, akamwoza.

Basi Jumatatu moja gunia la mshenga likaisha. Fundi Mkuu akafunga safari ya siku tatu kwenda kutafuta jingine. Akiwa mlangoni, mkoba begani, akageuka.

"Mpaka nirudi, tengenezeni vibanio vya nguo kwa plastiki ya mabeseni peke yake. Ndoa hapana. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Fundi," wakaitikia wote, na aliyeitikia kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Daktari.

Daktari ndiye mchanganyaji wa plastiki. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto mapacha, na alipewa jina hilo kwa sababu ya koti jeupe la mtumba alilovaa kazini, lililoshonwa jina la mtu mwingine kifuani. Alikuwa hodari, lakini sifa zilimlevya upesi kuliko tembo la mnazi. Duka kubwa la vyombo lilikuwa linangoja mishikio mia mbili ishirini. Vibanio vya nguo vilimchosha kabla hajavianza.

Jumanne asubuhi, Mama Nyundo hajamaliza hata kujifunga aproni, alimsikia akiita.

"Mama Nyundo! Wacha hiyo aproni, njoo uone maajabu!"

Akaenda. Juu ya meza palikuwa na mshikio ambao hajawahi kuuona mwingine kama huo. Mishikio yao ya kila siku ilikuwa myeusi, iliyofifia kama masizi. Huu ulikuwa na weusi wenye nuru ndani yake, kama upande wa ndani wa kombe la baharini. Ukiugeuza, mwanga ulitembea juu yake polepole kama maziwa yanayomiminwa.

"Haa! Huu mshikio au kito? Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu. Hayo ndiyo maajabu yenyewe. Nailoni na beseni tu, mdomo kwa mdomo. Nimeongeza moto kidogo, wakapendana wenyewe."

"Bila mshenga?"

"Mama, siku hizi vijana wanaoana bila mshenga, wewe hujapata habari?"

Wafanyakazi wakaangua kicheko, na Mama Nyundo akacheka nao. Akauchemsha mshikio kama kawaida. Ulitoka majini ukiwa na mng'ao zaidi ya ulivyoingia. Akaulaza juu ya chuma, akainua nyundo.

"Hebu kwanza," Daktari akasema, akiweka mkono kifuani juu ya lile jina lisilo lake. "Kweli kabisa utaupiga? Wewe ukimkuta bibi harusi njiani, utampiga nyundo?"

Nyundo ikabaki hewani. Si kwamba maneno ya Daktari yalimshinda. Yaliyomshinda yalikuwa ya kwake mwenyewe. Birika la binti yake lilikuwa limepoteza mshikio wiki mbili nzima, na binti alikuwa akiliinua kwa kitambaa kilichokunjwa, kwa masikio mawili ya chuma mshikio unapofungwa. Kila siku mama alimwahidi, "Nitakuletea, mwanangu, ngoja upatikane mzuri." Na sasa mzuri umepatikana, nao uko chini ya nyundo yake. Alimeza mate. Akaishusha nyundo taratibu, akaulaza mshikio ndani ya mfuko wa aproni, ukiwa bado na joto, ukamgusa tumboni kama kitoto.

Lakini msumari haukuweza kukaa mtupu. Aliinama chini ya meza, akachopoa kipande cha zamani ndani ya mkebe, akakitemea mate, akaifuta tarehe kwa kidole gumba, akaandika ya siku ile, akakitundika. Mtu aliyevunja kwa miaka kumi na mmoja nani angemuuliza? Daktari aliona. Alipiga mluzi tu na kuwasha mashine. Kufikia jioni mishikio yote ilikuwa ndani ya maboksi, inang'aa kama meno ya mtoto, na boksi dogo la ishirini likapelekwa dukani wakaone sampuli.

Jioni hiyo hiyo Mama Nyundo alipita kwa binti yake, mitaa miwili kutoka karakanani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na jikoni palikuwa pale pale mlango wa nyuma unapofungukia uani.

"Hodi! Mume wangu yuko wapi?"

Mume aliyemtafuta alikuwa na miezi tisa na meno mawili. Alikuja akitambaa kwa kasi, akapanda mguu wa bibi yake kama anayepanda ngazi.

"Mume wako hana kazi, mama," mkwe wake wa kiume akasema kutoka kwenye kiti. "Anakula na kuvunja. Sijui kamrithi nani."

"Kanirithi mimi, na mimi nalipwa mshahara kwa kuvunja. Nipe bisibisi, acha maneno."

Akafunga skrubu mbili, moja kila sikio la birika. Binti akaliinua, akaligeuza kwenye mwanga wa mlango, akashangaa kwa furaha.

"Mama! Birika limevaa pete!" Kisha, kwa kuwa alikua akisikia habari za nyundo tangu utotoni, akauliza kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa, "Umeupiga, sivyo? Namaanisha wa kwanza wa siku hiyo."

Mama alikuwa ameinama anaokota bisibisi.

"Mimi karakanani naitwa nani?"

Binti akacheka. Wakanywa chai.

Jumatano ikapita salama, wakitengeneza vibanio kama walivyoagizwa. Alhamisi saa tisa na nusu mchana Fundi Mkuu akarudi, vumbi kichwani, gunia la mshenga begani. Mlangoni aligusa msumari, kama alivyozoea kila anapoingia. Akasimama. Kipande hakikuwa cha siku ile. Kilikuwa cha Jumanne. Akakileta karibu na miwani. Wino ulikuwa umetambaa pembeni, na chini yake ilionekana tarehe nyingine, hafifu, kama kovu.

"Jumanne mlitengeneza nini?"

Daktari akakimbilia boksi kwa furaha. "Mishikio, Fundi! Tazama mwenyewe. Hata ng'ambo hawana hii."

Fundi Mkuu aliupokea mmoja. Hakuupeleka kwenye nyundo. Hakuupeleka hata kwenye maji. Aliupeleka dirishani, akautazama ule mwanga unaotembea, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyemwona nyoka kitandani. Kisha akaingiza ukucha wa kidole gumba pale pembeni palipokatwa, akavuta.

Ngozi ikatoka.

Ilitoka nyembamba, nzima, kutoka ncha hii hadi ncha ile, kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na ngozi nyingine, nayo inang'aa. Akavuta. Ikatoka. Akavuta nyingine. Karakana nzima zikasikika ngozi zile tu zikichanika, shrii, shrii, mpaka mkononi mwake kikabaki kijiti kisichozidi penseli.

Mama Nyundo akaokota ngozi moja sakafuni.

"Lakini Fundi... unang'aa vile!"

"Huo mng'ao ndio ugonjwa," mzee akasema kwa sauti ya chini, na utulivu huo ulitisha kuliko kelele. "Ukitikisa mafuta na maji ndani ya chupa, vinatoka vyeupe vizuri kama maziwa. Vimependana? Kila kimoja kimejikunyata peke yake, mwanga unagonga huku na huku. Hawa hawakuoana. Wamelala safu safu, mgongo kwa mgongo. Birika likijaa maji ya moto, plastiki inalegea, uzito unavuta skrubu..." Akageuka. "Mama, wewe uliupiga huu?"

Macho ya Mama Nyundo yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Saa kumi kasoro robo. Saa kumi kila siku binti yake humwogesha mtoto, kwa birika zima la maji yaliyochemka.

Alitoka na aproni yake. Hakumbuki kuvuka barabara. Dereva mmoja alimtukana na tusi likambaki nyuma. Kiatu kimoja kilimtoka, akakiacha. Moyoni alikuwa akisema neno moja tu, bado, bado, bado, maji bado hayajachemka, bado hajaliinua. Alipokata kona ya mwisho aliona mlango wa nyuma uko wazi na mvuke unatoka.

Ndipo akasikia kishindo cha bati, na baada ya kishindo, ukelele.

Mzazi unayesoma, Mungu akuepushe kuusikia ukelele wa mwanao ukiwa hatua kumi kutoka mlangoni.

Alipoingia, birika lilikuwa limelala ubavu sakafuni, bado linatapika maji ya moto. Binti yake alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili umemwagikiwa, ameegemea ukuta, mdomo wazi, sauti imekwisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu vile vile, umekunjwa kama ulioshika kitu. Na ulikuwa umeshika kitu kweli: ngozi nyembamba nyeusi, tupu, inayong'aa.

"Mtoto!" mama akapiga kelele. "Mtoto yuko wapi?"

Binti alionyesha kwa macho. Katikati ya sakafu, katikati ya yale maji, palikuwa na beseni kuukuu la kuogea, lililochujuka rangi, lenye alama za visu na kiraka kimoja. Ndani ya beseni hilo kavu mtoto alikuwa amekaa wima. Alikuwa ametambaa mwenyewe akaingia, mama yake alipogeuka kuchukua birika. Maji yaliyochemka yalikuwa yamelizunguka beseni pande zote, yakatoa mvuke, yakapita chini ya mlango. Mtoto aliwatazama, akapiga ukingo kwa viganja, akacheka.

Hatua moja. Hatua moja zaidi, na birika lile lingekuwa juu ya kichwa chake.

Mama Nyundo alimnyakua, akamweka kitandani, akarudi, akamshika binti yake kwapani na kumburuta mpaka kwenye bomba la uani. Jirani alikwisha fika, dawa ya meno mkononi.

"Mpake hii, inatoa moto!"

"Usimguse! Maji! Maji ya bomba tu!" Karakanani waliungua kila mwezi, na hilo walilijua. Akaushika mguu ule chini ya maji yanayotiririka, wala hakuuachia mpaka mkwe wake alipofika na gari la kukodi kuwapeleka zahanati. Ngozi ya juu ya mguu ilikuwa imeinuka malengelenge. Alipoitazama, mama alikumbuka ukucha wa Fundi Mkuu, akageuza uso.

Ndani ya gari, binti alifungua kiganja akaitazama ile ngozi nyeusi. Hakulia. Alisema polepole, kama mtoto anayesoma ubao:

"Nilikuuliza kama umeupiga."

"Mwanangu..."

"Nilikuuliza, mama. Ukanijibu jina lako."

Mama Nyundo amewahi kufiwa, amewahi kulala njaa ili mwanawe ale. Anasema hakuna siku iliyompiga kama ile, kwa sababu siku nyingine zote alipigwa na wengine.

Mguu ulipona baada ya wiki sita. Kovu limebaki, jekundu, umbo la jani. Binti amemsamehe, kwa maneno amemsamehe; lakini hadi leo kitu chochote mama akileta, hata kijiko, huona jinsi binti anavyokikunja kwanza kwa mikono miwili, taratibu, akidhani haonekani.

Ijumaa asubuhi, kesho yake ya ajali, Mama Nyundo alirudi karakanani kuaga, akijua kazi imekwisha. Fundi Mkuu hakumtukana. Alimwelekeza kwenye maboksi.

"Mia mbili kasoro mmoja," akasema. "Anza."

Akaivunja yote, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja uliofika pigo la pili. Daktari aliokota vipande bila koti lake jeupe. Alikwisha kulivua mwenyewe na kulifanya tambara la mashine. Saa sita akatumwa dukani kulirudisha lile boksi dogo la sampuli. Alirudi jasho linamtoka, akalifungua juu ya meza, wakahesabu. Wakahesabu tena.

Ilikuwa kumi na tisa.

"Mmoja wamemfungia mteja," Daktari akasema. "Mwanamke. Birika lilikuwa limekatika mshikio, wakamwekea ule kwa sababu ulikuwa mzuri. Hawamjui. Hawakuandika kitu."

Fundi Mkuu alikaa chini kwenye ndoo. Walibandika tangazo dukani, wakapita nyumba kwa nyumba, hakupatikana. Kisha mzee akaokota nyundo sakafuni, akamrudishia Mama Nyundo.

"Kazi ni yako bado. Juzi ulikuwa unapiga tu. Sasa unajua unapigia nini."

Mlangoni sasa pana misumari miwili. Mmoja hubeba kipande cha kila siku. Wa pili una kipande kisichobadilishwa: ngozi nyembamba ya mshikio, na tarehe yake ya kweli. Upepo ukiingia, inazunguka na kung'aa, na mgeni akifika husema, "Kizuri hiki, ni nini?"

Na Mama Nyundo, akialikwa kwa mtu, awe ndugu au jirani, hapokei kiti kabla hajapita jikoni. Watu husema ni mroho wa chai. Yeye huenda moja kwa moja kwenye birika, akauvuta mshikio kwa ukucha wa kidole gumba. Mshikio mmoja bado uko huko nje, katika nyumba asiyoijua, juu ya mtoto asiyemjua, unang'aa. Kwani uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.